Hodi ya Mara Moja: Kompaila na Mashine Ndogo katika Historia

Kila tafsiri ni amana. Mwenye maneno humkabidhi mfasiri maneno yake akitumaini kwamba yatamfikia msikilizaji wa lugha nyingine bila ya kupungua maana. Mfasiri naye hawezi kuyachukua neno kwa neno, maana lugha hazilingani. Hana budi kupanga upya, kufupisha hapa na kurefusha pale. Uhuru huo ni haki yake, na pasipo uhuru huo tafsiri huwa maiti. Lakini uhuru una mpaka, na swali la mahali ulipo mpaka huo limewashughulisha wanafunzi wa lugha tangu zamani. Makala haya yanalitazama swali hilo mahali ambapo wanafunzi wa lugha hawapiti mara nyingi, nako ni katika tafsiri zinazofanywa na mashine kwa ajili ya mashine.

Programu ya kompyuta huandikwa na mtu katika lugha ambayo mtu aweza kuisoma. Prosesa, ambayo ndiyo moyo wa kompyuta, haifahamu lugha hiyo. Hufahamu amri fupi fupi zilizoandikwa kwa tarakimu tu. Kazi ya kuyageuza maandishi ya mtu yawe amri za prosesa hufanywa na programu nyingine iitwayo kompaila. Kompaila basi ni mfasiri; na kama wafasiri wengi hodari, hairidhiki na kutafsiri tu, bali huboresha. Huondoa yaliyorudiwa, hupanga upya yaliyotawanyika, na hufuta lile isiloliona faida yake. Katika kompyuta kubwa, ambamo mfumo endeshi husimama kati ya programu na vyombo, uboreshaji huo aghalabu haujulikani ila kwa mwendo wa kasi unaoleta. Lakini ziko mashine ndogo ziitwazo maikrokontrola, ambazo kila moja ni kipande kimoja chenye prosesa, kumbukumbu, na milango ya kupokea na kutoa umeme. Zimo ndani ya mita za umeme za kulipia kabla, ndani ya mashine za kufulia nguo, ndani ya breki za magari na ndani ya vifaa vya hospitali. Nyingi kati ya hizo hazina mfumo endeshi wo wote; programu husimama peke yake juu ya chuma kitupu. Hapo, amri iliyofutwa na mfasiri kwa kuonekana kuwa haina maana yaweza kuwa ndiyo amri iliyokusudiwa kukamata breki.

Dai la makala haya ni kwamba msiba huo, ulipotokea mara ya kwanza, haukuletwa na uzembe wa mfasiri wala na ujinga wa mwandishi. Uliletwa na upungufu wa mkataba uliokuwa kati yao, kwa sababu lugha haikuwa na njia ya kusema kwamba nje ya programu kuna ulimwengu. Historia itakayoelezwa hapa ni historia ya kuutengeneza mkataba huo, kazi ambayo mpaka leo haijakwisha.

Asili ya Uboreshaji

Neno kompaila latoka katika neno la Kiingereza lenye maana ya kukusanya. Grace Hopper wa Marekani, aliyekamilisha programu yake iitwayo A-0 mwaka wa 1952, alikuwa akikusanya vipande vya programu vilivyokwisha andikwa na kuviunga pamoja. Tafsiri halisi, yaani ya kuchukua maandishi yanayofanana na maandishi ya hesabu na kuyageuza kuwa amri za mashine, ilipata umbo lake katika kampuni ya IBM, ambako John Backus na wenzake walianza mwaka wa 1954 kuitengeneza lugha ya FORTRAN kwa ajili ya mashine iliyoitwa IBM 704. Kompaila yao ilitolewa mwezi wa Aprili 1957.

Ni muhimu kukumbuka hali ya siku zile. Watunga programu waliandika amri za mashine kwa mikono yao wenyewe, wakijivunia werevu wao wa kubana amri na kuokoa muda. Hawakuamini kwamba mashine ingeweza kuandika vema kama wao. Backus alijua kwamba lugha yake ingekataliwa mara moja ikiwa programu zilizotafsiriwa zingekwenda polepole sana kuliko zile zilizoandikwa kwa mkono. Kwa hiyo uboreshaji haukuja baadaye kama pambo lililobandikwa juu ya tafsiri. Ulikuwa ndio sharti la tafsiri kuzaliwa. Backus alieleza baadaye kwamba yeye na wenzake walistaajabu mara kwa mara walipoyatazama matokeo ya kompaila yao, kwani ilihamisha na kupanga hesabu kwa namna ambayo wao wenyewe, wakiwa watunga programu, wasingeifikiria. Hapa pana jambo la kuzingatiwa. Tangu siku yake ya kwanza mfasiri huyu aliweza kuandika kitu ambacho bwana wake hakukitarajia, na bwana wake akafurahi.

Aliyeifanya sanaa hiyo kuwa elimu ni Frances Allen, aliyejiunga na IBM mwaka uleule wa 1957, na kazi yake ya kwanza ikawa kuwafundisha wanasayansi lugha ya FORTRAN. Mwaka wa 1966 alitoa makala juu ya uboreshaji wa programu, na mwaka wa 1971, pamoja na John Cocke, akatoa orodha ya njia za uboreshaji ambayo mpaka leo ni msingi wa somo hilo. Katika mwaka wa 2006 alipewa tuzo ya Turing, akiwa mwanamke wa kwanza kuipata.

Kwa msomaji asiye mtu wa fani hii, njia nne zatosha kuonyesha zilivyo. Ya kwanza, hesabu inayotoa jibu lilelile katika kila mzunguko wa kitanzi hutolewa nje ya kitanzi ikafanywa mara moja. Ya pili, thamani iliyokwisha somwa kutoka katika kumbukumbu haisomwi tena. Huwekwa ndani ya prosesa na kutumiwa kutoka humo. Ya tatu, thamani ikiandikwa mahali, kisha nyingine ikaandikwa palepale kabla ya ile ya kwanza kusomwa, ya kwanza hufutwa. Ya nne, kazi ambayo matokeo yake hayatumiki po pote huondolewa kabisa.

Njia zote nne zasimama juu ya dhana moja, kwamba kumbukumbu ni sanduku ambalo ufunguo wake anao mwenye programu peke yake. Kilichowekwa humo jana ndicho kitakachokutwa leo, na kukitazama hakukibadilishi. Kwa wanahesabu wa FORTRAN dhana hiyo ilikuwa kweli tupu, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kuiandika, maana jambo ambalo kila mtu analijua haliandikwi katika mkataba.

Anwani Zisizokuwa Kumbukumbu

Dhana hiyo ilitikiswa na mashine iliyotolewa mwaka wa 1970 na kampuni ya Digital Equipment Corporation, nayo ni PDP-11. Katika mashine nyingi za kabla yake, kuzungumza na vyombo vya nje kulihitaji amri za pekee, tofauti na amri za kusoma na kuandika kumbukumbu. Watengenezaji wa PDP-11 waliiacha njia hiyo. Katika anwani 65,536 ambazo prosesa yao iliweza kuzitaja, walizitenga 8,192 za mwisho kwa ajili ya vyombo. Aliyetaka kuzungumza na chombo alisoma au aliandika katika anwani yake, kwa amri zilezile za kumbukumbu. Ulikuwa mpango mzuri wa kurahisisha kazi, na maikrokontrola nyingi za leo zimeurithi.

Chukua mfano wa mashine ya kuandikia iliyounganishwa na PDP-11. Ilikuwa na rejista nne, yaani vijisanduku vinne vya tarakimu, kuanzia anwani 177560 katika hesabu ya msingi wa nane. Ya kwanza ilionyesha kama mtu amebonyeza herufi, ya pili ilichukua herufi yenyewe, ya tatu ilionyesha kama sehemu ya kuchapa iko tayari, na ya nne ilipokea herufi ya kuchapwa. Programu iliyotaka herufi iliisoma rejista ya kwanza tena na tena mpaka biti moja iliyoteuliwa ibadilike kutoka 0 kuwa 1.

Sasa msomaji na afikiri juu ya hodi. Mtu akifika mlangoni hupiga hodi. Asipoitikiwa hungoja kidogo akapiga tena, na tena. Maneno ni yaleyale, lakini hodi ya pili si ziada ya ya kwanza, kwa kuwa baina ya hizo mbili huenda mwenye nyumba ameamka. Mfasiri anayeona maneno tu, asiyejua kwamba nyuma ya mlango kuna mtu, atasema kwamba neno hili limerudiwa bure, jibu lake tumekwisha lipata, nalo ni kimya. Basi tupige hodi mara moja, tukikumbuke kimya hicho, na kila tukitaka kujua kama mwenyeji yupo tuitazame kumbukumbu yetu. Hivi ndivyo hasa njia ya pili ya uboreshaji inavyokifanya kitanzi cha kungojea chombo. Rejista husomwa mara moja, jibu la 0 huwekwa ndani ya prosesa, na programu huzunguka milele ikilitazama jibu la zamani huku herufi imesimama mlangoni.

Hodi ni mfano mmoja tu. Katika mashine hiyohiyo kuisoma herufi kulishusha ile biti ya kuonyesha kwamba herufi ipo, yaani kusoma hapo hakukuwa kutazama tu, kulikuwa kutenda. Na aliyetaka kuchapa herufi ileile mara mbili alilazimika kuiandika mara mbili katika anwani moja. Kwa mfasiri anayefuata njia ya tatu, mwandiko wa kwanza umefunikwa na wa pili kabla haujasomwa na mtu. Basi na ufutwe. Karatasi ingetoka na herufi moja pungufu.

Juu ya PDP-11 hiyo, katika maabara za Bell huko Marekani, ndipo Dennis Ritchie alipoikuza lugha ya C, na mwaka wa 1973 kiini cha mfumo wa Unix kiliandikwa upya kwa lugha hiyo. Waandishi wake walizisoma rejista za vyombo kama walivyosoma kumbukumbu ya kawaida, na hodi zao zote zilifika. Sababu yake ni nyepesi, kwamba kompaila ya C ya siku hizo ilikuwa ndogo, ikitafsiri karibu sentensi kwa sentensi bila ya uboreshaji mpana. Usalama huo ulikuwa wa bahati, haukuwa wa mkataba. Kitabu cha Brian Kernighan na Ritchie cha mwaka wa 1978, kilichokuwa kama sarufi ya lugha hiyo kwa zaidi ya miaka kumi, hakikuwa na neno lo lote la kumwambia mfasiri: hapa usiguse.

Neno Lililoongezwa

Bahati haidumu. Lugha ya C ilienea katika mashine za kila namna, na kompaila zake zikajifunza werevu wa FORTRAN. Programu zilizokuwa zikifanya kazi kwa miaka zikaanza kukwama pale ambapo hakuna mtu aliyezigusa. Kilichobadilika kilikuwa mfasiri. Mwaka wa 1983 taasisi ya viwango ya Marekani iliunda kamati iliyojulikana kwa jina la X3J11 ili kuisanifu lugha hiyo, na kamati ilikuta mbele yake njia mbili. Ingeweza kumkataza mfasiri kuboresha mahali po pote penye anwani, na hivyo kuifanya C kuwa lugha ya polepole. Au ingeweza kumpa mwandishi alama ya kutia mahali pale tu panapohusika na ulimwengu wa nje. Ilichagua njia ya pili, na alama hiyo ni neno "volatile", ambalo kwa Kiswahili twaweza kulieleza kwa neno geugeu. Mahali palipotiwa neno hilo, kila kusoma na kila kuandika hufanywa kama maandishi yasemavyo, bila ya kuongeza wala kupunguza, na kwa utaratibu uleule.

Yafaa ieleweke jinsi mabadiliko hayo yalivyokuwa makubwa katika fikira. Kwa mara ya kwanza lugha hiyo ilikiri, ndani ya sarufi yake, kwamba kumbukumbu si sanduku la mtu mmoja. Hata hivyo neno hilo halikupokewa na wote kwa shangwe. Mwaka wa 1988, Ritchie mwenyewe aliiandikia kamati barua kali ya kulipinga neno jingine lililopendekezwa, "noalias", ambalo kwa sababu ya upinzani liliondolewa. Katika barua hiyohiyo alisema hakusadiki kwamba hata "volatile" lilistahili gharama ya kujifunzwa. Kwake lilikuwa urembo wa kazi chache zisizo za kawaida, na sifa yake kubwa ni kwamba karibu kila mtu angeweza kulisahau.

Tusifanye haraka kumlaumu. Alikuwa akiitetea lugha yake isijazwe mambo, na watunga programu wengi wa siku hizo kweli waliweza kulisahau neno hilo. Lakini hesabu ya mashine ilikuwa ikigeuka. Kile kilichoitwa kazi chache zisizo za kawaida kilikuwa karibu kuwa kazi ya mashine ndogo zisizohesabika. Kamati ililihifadhi neno lile. Sarufi iliyosanifiwa ilikubaliwa mwezi wa Desemba 1989, na mwaka uliofuata ikapokewa na shirika la viwango la kimataifa. Hata hivyo mlango mmoja uliachwa wazi, maana sarufi iliiachia kila kompaila kueleza ni kitendo gani hasa kinachohesabiwa kuwa ni kugusa mahali hapo. Mkataba uliandikwa, lakini neno lake la msingi likaachwa kwa tafsiri ya mfasiri.

Mashine Ndogo na Shida Zake

Kampuni ya Texas Instruments ilitoa TMS 1000 mwaka wa 1974, na Intel ikatoa 8051 mwaka wa 1980, ikiwa na nafasi ya baiti 4,096 za programu na baiti 128 tu za kuhifadhi mambo yanayobadilika. Katika nafasi finyu kama hiyo watu wengi waliandika amri za mashine wenyewe. Mwandishi alikuwa mfasiri wake mwenyewe, na aliyeandika hodi tatu alipata hodi tatu.

Lugha ya C iliingia kwa nguvu pale mashine zilipotengenezwa kwa kuifikiria. Mfano mzuri ni AVR, iliyobuniwa na Alf-Egil Bogen na Vegard Wollan walipokuwa wanafunzi huko Trondheim, Norwe, na kutolewa na kampuni ya Atmel katika nusu ya pili ya miaka ya 1990. Kabla umbo lake halijakamilika, watengenezaji wa kompaila wa kampuni ya IAR ya Uswidi walishirikishwa ili amri zake zilingane na mahitaji ya C. Mashine ya jamii hiyo, ATmega328P, yenye kilobaiti 32 za programu na kilobaiti 2 za kumbukumbu, imetumiwa katika vibao vya Arduino, mradi ulioanza mwaka wa 2005 katika mji wa Ivrea, Italia, nayo imewafundisha wanafunzi wengi wa dunia kuandika programu juu ya chuma kitupu. Maandishi yao hupitishwa katika kompaila ya GCC iliyoagizwa kufupisha kadiri iwezavyo, kwa sababu nafasi ni haba.

Hapa ndipo penye fundo la jambo lote. Mwenye mashine ndogo ndiye anayemhitaji zaidi mfasiri hodari, maana pasipo ufupisho programu yake huenda isienee. Naye ndiye anayeumizwa zaidi na ufupisho, kwa kuwa nusu ya maneno yake yanausemesha ulimwengu wa nje. Neno "volatile" limemsaidia katika hodi. Lakini ziko shida nyingine ambazo neno hilo haliziponyi, na wengi hupotea kwa kudhani kwamba laziponya zote.

Ya kwanza ni wakati. Mtunga programu anayetaka taa iwake kwa nusu sekunde huandika kitanzi kitupu kinachohesabu hata maelfu bila ya kufanya jambo. Mfasiri huona kazi isiyo na matokeo, akaifuta, na taa huzimwa mara inapowashwa. Mwongozo wa GCC waeleza kwamba hapo zamani kompaila hiyo iliviacha vitanzi vitupu makusudi, kwa kudhani kuwa aliyekiandika alitaka kuchelewesha. Desturi hiyo ya heshima iliachwa uboreshaji ulipozidi kuwa na nguvu, kwa kuwa vitanzi vingi vilionekana vitupu baada tu ya kazi zake nyingine kuondolewa. Katika sarufi ya C, muda ambao sentensi huchukua si sehemu ya maana yake. Katika ngoma twajua kwamba kimya kati ya mapigo mawili ni sehemu ya ngoma. Lugha hii haina alama ya kimya.

Ya pili ni ukatizo. Maikrokontrola hufanya kazi moja, kisha tukio la nje, kama kubonyezwa kwa kitufe, huikatiza ili kazi nyingine fupi ifanywe, halafu ya kwanza huendelea ilipoachia. Tuseme ukatizo unahesabu mapigo, na kazi kuu inaisoma hesabu hiyo. Ikiwa hesabu haikutiwa neno "volatile", kazi kuu huenda ikasoma mara moja tu, kama katika hodi. Lakini hata ikitiwa, bado pana hatari. Prosesa ya AVR hushughulikia biti 8 kwa mara moja, na hesabu ya biti 16 husomwa kwa vipande viwili. Hesabu ikiwa 255, kazi kuu husoma kipande cha chini na kupata 255. Papo hapo ukatizo unaingia na kuiongeza hesabu kuwa 256, ambayo kipande chake cha juu ni 1 na cha chini ni 0. Kazi kuu inaporudi husoma kipande cha juu na kupata 1, kisha huunga 1 ya sasa na 255 ya zamani, ikapata 511. Nambari hiyo haikuwapo wakati wo wote. Neno "volatile" laahidi kwamba kila kipande kitasomwa. Haliahidi kwamba vipande viwili vitasomwa kama kitu kimoja.

Ya tatu ni utaratibu. Dawa ya shida iliyotangulia ni kuzuia ukatizo kwa muda mfupi sana, kusoma, kisha kuuruhusu tena. Lakini "volatile" hushika utaratibu baina ya sehemu zilizotiwa alama tu; zile zisizotiwa alama mfasiri yu huru kuzihamisha. Mwongozo wa maktaba ya avr-libc watoa mfano wa kufundisha. Mwandishi aliifanya hesabu ya kugawanya, ambayo kwa prosesa hiyo ni kazi ndefu, kabla ya kuzuia ukatizo. Kompaila ikaihamishia ndani ya ule muda uliokusudiwa kuwa mfupi. Jibu la hesabu lilibaki sahihi kabisa, ila mlango uliotakiwa kufungwa kufumba na kufumbua ulifungwa muda mrefu, na matukio ya nje yakangoja.

Ya nne ni anwani sufuri. Katika kompyuta kubwa, anwani 0 huhesabiwa kuwa si mahali, na mfasiri hujipa ruhusa ya kufuta maswali yanayoihusu akiona mwandishi amekwisha itumia anwani yenyewe. Katika mashine ndogo anwani 0 aghalabu ni mahali halisi. Hivyo watengenezaji wa GCC walilazimika kuizima kabisa ruhusa hiyo kwa AVR na kwa MSP430. Hapa mfasiri alikubali kujifunza desturi za nchi anayoitafsiria.

Mfasiri Kupimwa

Mpaka hapa twaweza kusema kwamba mwandishi akiujua mkataba na kuushika, yu salama. Mwaka wa 2008, Eric Eide na John Regehr wa Chuo Kikuu cha Utah walionyesha kuwa hata hilo halikuwa na hakika. Walizipima kompaila 13 za C zilizokuwa zikitumiwa katika kazi za kweli, na katika kila moja waliona mahali ambapo "volatile" lilitafsiriwa vibaya. Dawa rahisi waliyoijaribu, ya kuuficha mguso wa kila mahali pa namna hiyo ndani ya kijiprogramu cha pekee ambacho mfasiri haoni ndani yake, iliyaondoa mengi ya makosa hayo. Basi ikawa mwandishi analazimika kumficha mfasiri maneno ili ayafikishe salama.

Regehr na wenzake waliendelea kwa kutengeneza programu iitwayo Csmith, inayotunga maandishi ya C kwa kubahatisha na kuzilinganisha tafsiri za kompaila mbalimbali. Katika makala yao ya mwaka wa 2011 walieleza kwamba waligundua makosa zaidi ya 325 ambayo hayakujulikana kabla. Wakati huohuo, huko Ufaransa, Xavier Leroy na wenzake katika taasisi ya INRIA walikuwa wameitengeneza CompCert, kompaila ambayo sehemu zake kubwa zimethibitishwa kwa hoja za hisabati zilizokaguliwa na mashine. Csmith haikupata kosa la tafsiri katika sehemu zake zilizothibitishwa za uboreshaji. Linalotuhusu zaidi ni namna uthibitisho huo ulivyoandikwa, maana kusoma na kuandika mahali pa "volatile" kumehesabiwa humo kuwa tukio la nje, sawa na neno lililotamkwa mbele ya mashahidi. Dhana iliyokuwa kimya mwaka wa 1957 sasa imeandikwa na kutiwa muhuri.

Mjadala haukuishia hapo. Usanifu wa lugha ya C++ wa mwaka wa 2020 ulitangaza kwamba baadhi ya matumizi ya "volatile" yasingetakiwa tena, yakiwamo yale ya kusoma, kubadili biti na kuandika kwa sentensi moja. Waandishi wa mashine ndogo walilalamika, maana maandishi yao yamejaa sentensi za namna hiyo, na usanifu uliofuata ukazirudisha zile za biti. Miaka zaidi ya thelathini baada ya barua ya Ritchie, bado watu walikuwa wakibishana juu ya thamani ya neno lilelile.

Hitimisho

Katika vyumba vya mafundisho ya uhandisi husikika mara nyingi malalamiko haya, kwamba programu hufanya kazi uboreshaji ukizimwa, na huharibika ukiwashwa. Basi kompaila ndiyo mbovu. Historia tuliyoipitia yatuonya tusikate hukumu kwa haraka. Mara kwa mara kompaila imekuwa mbovu kweli, na ushahidi wa mwaka wa 2008 ni mzito. Lakini mara nyingi zaidi maandishi yenyewe yalikuwa yakisema machache kuliko alivyokusudia mwandishi wake, na mfasiri dhaifu alimsitiri kwa kutafsiri neno kwa neno. Kuuzima uboreshaji ni kumrudia mfasiri huyo dhaifu. Aibu hufichwa lakini maana haiongezeki, na siku nafasi ya kumbukumbu itakapopungua, uboreshaji utawashwa tena na aibu itatoka.

Kwa wanafunzi wa lugha pana faida nyingine. Sisi tumezoea kufikiri kwamba utata wa tafsiri hutokana na utajiri wa lugha za watu, methali zake, mafumbo yake na utani wake. Hapa tumeiona lugha isiyo na methali wala utani, iliyotungwa kwa makusudi iwe wazi, yenye kamati na sarufi iliyopigiwa kura. Na bado imeshindwa kumaliza swali la lipi ni neno na lipi ni ziada. Haliwezi kumalizwa kwa kuyatazama maneno peke yake. Marudio ni ziada ikiwa hakuna anayesikiliza, na ni ujumbe ikiwa yupo. Mfasiri asiyejulishwa kwamba nyuma ya mlango kuna mtu atapiga hodi mara moja, atakaa kimya, na atakuwa hakuvunja sheria yo yote. Wajibu wa kumjulisha ni wa mwenye maneno.